Koko Aliitikia Mwaliko

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na niseme mapema ili nisije nikajipamba baadaye: nilikuwa mtoto wa kuchosha. Nilijua kununa siku tatu mfululizo bila kusahau sababu. Nilijua kuitazama sahani ya maharagwe kana kwamba imenitukana. Na nilikuwa na simu, zawadi ya papa, yaani baba yangu, aliyefanya kazi za forodha mpakani Bunagana na kurudi Goma mara moja kwa mwezi, akiwa na uchovu mwingi na vitu vya kufidia siku ambazo hakuwapo.

Nyumbani tulibaki wanawake watatu. Kulikuwa na mama, aliyeuza vikwembe, vile vitenge vya kujifunga, sokoni na kurudi jioni miguu imevimba. Kulikuwa na mimi. Na kulikuwa na koko. Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, na huyu alikuwa mama mzazi wa mama yangu. Alitujia kutoka vilima vya Masisi baada ya watu wenye bunduki kuchukua ng'ombe wa marehemu babu na nusu ya kijiji kukimbia. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya mlango wetu akiwa na furushi moja la nguo na jibini mbili za mviringo, zile tunazoziita fromaji, zilizotengenezwa kwa maziwa ya mwisho ya ng'ombe wale. Moja tuliikata siku hiyohiyo, tukaila na ndizi. Ya pili aliifunga kwa kitambaa cheupe, akaitundika jikoni, akasema isiguswe mpaka ije siku kubwa.

Kabla hata hajakaa vizuri alimwambia mama maneno ambayo niliyasikia na kuyaelewa, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

"Mimi siko mutu wa kukaa bure ku nyumba ya mutu, hata kama ni mutoto yangu. Unipatie jiko. Kama kuko mutu wa kulisha hapa, nitabaki. Siku nitaona hakuna tena, nitarudia kwetu."

"Kwenu kuko vita, mama," mama akamjibu.

"Kuko na shamba yangu pia."

Mama akampa jiko. Baadaye, tulipokuwa tukianua nguo sisi wawili, alinishika bega. "Wewe njo utamubakisha hapa," akaniambia. "Ukule. Hata kama hauna njala, ukule."

Sijawahi kupewa kazi rahisi kama hiyo, na miezi ya kwanza niliifanya kwa moyo wote. Koko alikuwa na mkono wa kupika. Asubuhi aliwangoja wanawake wanaopanda kutoka ziwani Kituku na mabeseni ya sambaza kichwani, akawachagua wale samaki wadogo mmoja mmoja huku muuzaji akimlalamikia, akawakaanga mpaka wakawa wakavu wa kuvunjika. Alipika mboga za lengalenga bila kuzimaliza nguvu. Maharagwe yake yaliiva pole pole kutwa nzima, na mtaa mzima ulijua. Tulikula kwenye sahani moja kubwa, sote watatu, na hakuna aliyenyoosha mkono kabla yake. Alimega tonge la kwanza la bugali, akalichovya, akaniwekea mimi mdomoni, kwa sababu mimi ndimi niliyekuwa mdogo wa nyumba. Mtu wa miaka kumi na mitano kulishwa hivyo ni aibu ya kufurahisha. Nilijifanya nimeudhika, na nilifungua mdomo kila siku.

Kisha likaja jambo la kuku wa kwenye simu.

Mgahawa wenyewe ulikuwa mjini, kwenye barabara nzuri, wenye vioo mbele na viti vyekundu ndani. Sikuwa nimewahi kuingia, lakini niliujua kuliko nilivyolijua kanisa letu. Kila nilipofungua simu ulikuwa umenitangulia. Kuku wa kukaanga anavunjwa na ngozi yake inalia. Jibini inavutika kutoka kwenye baga mpaka unadhani haitakatika. Friti, vile viazi vya kukaanga, zinamwagwa kutoka juu, pole pole, na muziki. Nikitazama moja, zilikuja tatu. Nikitazama tatu, simu ilionekana kusahau kwamba duniani kuna kitu kingine. Msichana mmoja wa umri wangu alitokea karibu katika kila video, nywele zimesukwa vizuri, anauma baga, anafumba macho, anatikisa kichwa kama mtu aliyetoka kusamehewa dhambi. Nilijifunza kufumba macho kama yeye. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, kwa mkate mkavu.

Miaka michache baadaye nilikaa dawati moja na msichana huyo chuoni. Ni mtu mpole. Nilimwuliza ile baga ilikuwa na ladha gani, akacheka, akaniambia hakuwahi kuimeza hata mara moja. Walirudia kumpiga picha mara kumi, mara kumi na tano, nyama imeshapoa na kupakwa mafuta ing'ae, na chini ya meza palikuwa na ndoo ya kutemea. Alisema muda wote ule alikuwa na njaa. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, maana naye alikuwa mtoto.

Lakini wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba Jumamosi wenzangu wa darasani walikwenda pale, na kuanzia mchana picha zao zilijaa kwenye simu yangu: vidole vyenye mchuzi, meno, viti vyekundu. Jumatatu shuleni walizungumza kuhusu mambo yaliyotokea mezani, na mimi nilicheka sehemu za kuchekwa bila kujua kilichochekesha. Siku moja ukurasa wa mgahawa ulitangaza mchezo. Tuma jina lako na namba yako, utaje na jina wanalokuita nyumbani, labda utashinda ndoo nzima ya kuku. Nikatuma yote. Niliwapa hata lile jina dogo ambalo koko mwenyewe alinipa nilipozaliwa, ambalo hapa chini ya jua walilijua watu watatu. Sikushinda kitu. Ila tangu siku hiyo mgahawa ukaanza kuniandikia kama shangazi.

Nyumbani nikaanza kukunja uso. Kwanza niliacha sambaza kwa sababu ya macho yao. Halafu lengalenga zikawa nyasi. Nilikula nikiwa nimeegemeza simu kwenye kikombe, ninatazama kuku wa watu huku mkono wangu unapapasa bugali bila kuuona. Koko alivumilia. Mara moja alisogea, akainamia kioo cha simu, akatazama video nzima kwa makini.

"Huyu kuku hana mifupa?" akauliza.

"Iko nayo, koko."

"Na huyu mutoto anacheka na chakula ku kinywa. Mama yake iko wapi?"

Tulicheka sote wawili, na naikumbuka siku hiyo kwa sababu ilikuwa ya mwisho ya namna hiyo. Wiki zilizofuata nilianza kusema nimeshiba kabla ya tonge la tatu. Koko alibadilisha mapishi. Alitia vitunguu zaidi, alitafuta viazi vizuri vya kutoka kwao, akavikata virefu virefu kama alivyoona kwenye simu na kuvikaanga kwa mawese. Vilitoka vyekundu na laini. Nilikula viwili nikavisukuma. Mama alinitazama kwa yale macho ya kuanulia nguo, nami nikajifanya sikuyaona. Nilikuwa nimeambiwa wazi kitu kinachomweka koko Goma, na bado nilisukuma sahani. Hilo linaniuma kuliko mengi.

Ilikuwa Jumatano, nimetoka shule. Koko alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, mimi nimekaa mlangoni juu ya jiwe jeusi la volkano tulilolifanya kiti. Simu ikalia.

"Nani anakuita?" koko akauliza.

"Ni batu ya restora."

"Banasema nini?"

Nikamsomea, nikiugeuza ujumbe kutoka Kifaransa. Kwanza lilikuja jina langu dogo. Kisha: tumekukumbuka, meza yako iko tayari, usitukose Jumamosi, tunakungoja.

Mkono wa koko ukasimama juu ya maharagwe. "Ile jina banaijua?"

"Eeh."

"Na balishakuita mara ngapi?"

Nikapandisha kidole kwenye kioo, ujumbe juu ya ujumbe. "Mara mingi, koko. Tangu kipindi cha mvua."

Uso wake ulibadilika. Kwao mlimani, mtu akikuita kwa jina lako ukale kwake, unakwenda. Akikuita mara ya pili nawe hujaenda, unatuma mtu akuombee radhi. Mara ya tatu, mkubwa wa nyumba anasimama mwenyewe, anavaa, anabeba kitu mkononi na kumsindikiza aliyeitwa, maana kuikataa mara ya tatu ni kuwaambia wale watu kwamba chakula chao kina sumu. Nyumba zimewahi kununiana kwa jambo hilo mpaka wajukuu. Koko alikuwa amenisimulia haya mara nyingi tukimenya viazi.

"Miezi yote hii batu banakuita na jina ya nyumbani," akasema taratibu, "na hakuna mutu wa hapa alisimama?"

Hapa ndipo ningesema. Ningemwambia, koko, hawa hawanijui, hii ni mashine, inaandikia watoto wote wa Goma maneno hayohayo, jina niliwapa mwenyewe. Yalikuwa maneno ya nusu dakika. Lakini nilikuwa nimemwomba mama ruhusa ya kwenda pale mara nne na mara nne amekataa, na ghafla niliona mlango umefunguka.

"Hapana, koko," nikasema. "Nililomba, mama akakatala."

Jioni alimkalisha mama kwenye kiti kabla hajavua viatu. Mama alijaribu. "Ile ni biashara tu, mama," alisema. Koko akamjibu kwamba hata mtu wa biashara anapika, na aliyepika anangoja. Wakaendelea hivyo, mama akachoka kabla ya koko kuchoka. Nadhani pia mama alifurahi kumwona koko amesimamia jambo, macho yanang'aa, kama zamani. Akasema basi, mtoto aende.

"Nitamupeleka mimi," koko akasema. "Mutoto haendake kwa batu peke yake."

Niliona picha yote: koko na kilemba chake, na mazungumzo yake ya kusalimia ukoo mzima, katikati ya viti vyekundu. Nikapanga uongo wa pili. Nilikuwa nimekubaliana na wenzangu watano kukutana saa nane. Koko nilimwambia saa kumi. Jumamosi alipoingia kuoga, mimi nikatoka kwa nyuma.

Sikufikiria angekuja. Alipotoka bafuni akanikosa, alidhani nimetangulia ili nisiwangojeshe wenyeji, akafurahi kwamba nimelelewa vizuri. Haya niliyajua baadaye kutoka kwa motari wa mtaani kwetu, yule wa pikipiki aliyempakia. Alimwambia ampeleke kwa wale watu wa kuku wanaoita watoto, na motari akajua ni wapi bila kuuliza tena.

Chakula kilikuwa kitamu, nisidanganye. Kilikuwa kidogo kuliko kwenye picha, na tulikuwa tumekipiga picha mpaka kikapoa, lakini kilikuwa kitamu, na nilikuwa nimekaa kwenye kiti chekundu, na hatimaye nilicheka nikijua tunachekea nini. Nilikuwa nimefumba macho kama yule msichana. Nilipoyafumbua, koko alikuwa mlangoni.

Alikuwa amevaa kikwembe chake cha Pasaka. Alivua viatu, kama mtu yeyote mwenye adabu anayeingia nyumba ya watu, akavipanga kando ya mlango, akaingia na miguu yake yenye nyufa juu ya vigae vile vinavyong'aa. Mkononi alibeba fromaji, ile ya siku kubwa, ndani ya kitambaa chake cheupe. Akaanza kusalimia. Alipita meza moja baada ya nyingine, akiwapa watu mkono huku ameshika kiwiko kwa mkono wa pili, na watu wakampa mikono yenye mchuzi bila kujua la kufanya. Meza yetu ilikuwa ya mwisho, kwenye kona. Kabla ya kufika kwetu, msichana wa kaunta alimwita.

"Mama, fromaji hatununue hapa. Benye kuuzisha banapitiaka nyuma."

"Siuzishe, mutoto yangu. Nimeleta."

"Ni bei gani?"

"Haina bei. Ni ya kushukuru. Mulituita, tukachelewa. Njo nimekuya kulomba pole."

Msichana wa kaunta hakuwa mbaya. Alikuwa na watu kwenye foleni. Alimtazama mlinzi, naye mlinzi akaja, akamshika koko mkono taratibu kama mtu anayemvusha barabara. "Koko, tutoke kidogo," akasema. Foleni ikaanza kucheka, si kwa ukali, kwa namna watu wanavyocheka wanapopata kitu cha kusimulia.

Mwenzangu aliyekaa karibu nami alikuwa ameshainua simu. "Muangalie, ametosha viatu," akasema, na simu ikamfuata koko. Halafu akaishusha. "Anakuangalia weye. Unamujua?"

Koko alikuwa hatua mbili kutoka mezani. Alikuwa ameniona, na uso wake ulikuwa umefunguka wote, amepata mtu wa kumweleza yule mlinzi kwamba ni kweli, tuliitwa. Alikuwa anangoja niseme tu.

"Simujue," nikasema.

Uso wake haukukunjamana. Ulijifunga tu, pole pole, kama anavyofunga mlango mtu aliyeona wa ndani wamelala. Akamgeukia mlinzi.

"Unisamehe, mutoto yangu. Nimekosea nyumba."

Akarudi mlangoni na fromaji yake kifuani. Alichukua muda kuvaa viatu, kimoja kilimkatalia, na mlinzi akainama kumsaidia. Niliona aibu kwa ajili yake, na dakika hiyohiyo nikaona aibu kwa ajili yangu mwenyewe. Ya kwanza ilikwisha kabla hatujamaliza soda. Ya pili ninayo mpaka leo.

Nilirudi nyumbani jua bado lipo. Nilikuwa nimetayarisha machozi na maelezo, ila koko alikuwa anasonga bugali na mama alikuwa ameshafika.

"Ilikuwa aje?" mama akaniuliza.

"Balitupokea muzuri," koko akajibu kabla sijafungua mdomo. Hakugeuka kutoka kwenye sufuria.

Mama akatazama pale jikoni palipokuwa na kitambaa. "Na fromaji?"

"Nimewaachia benyewe."

Mama akatabasamu, akasema basi hiyo ilikuwa siku kubwa kweli. Kisha tukaketi kula. Koko aliweka chini sahani kubwa, akakaa yeye na mama. Mbele yangu akaweka sahani nyingine, ndogo, ile ya maua tuliyoitunza kabatini, na kijiko juu yake. Hivyo ndivyo alivyomwandalia mgeni. Mama alidhani ni mzaha, akacheka. Mimi nilingoja tonge la kwanza. Koko alilimega, akalichovya, akalila mwenyewe.

Nilikula kila kitu siku hiyo. Nililamba mpaka maua ya sahani. Kesho yake nikala tena, na kesho kutwa, nikaomba niongezwe, nikasema sambaza ni watamu, nikasema maharagwe ni matamu. Koko aliniongezea. Nikimaliza aliniambia, "Aksanti kwa kukula," kwa sauti nzuri kabisa, kama unavyomwambia mtu aliyetoka mbali. Hakunigombeza hata siku moja. Ningetoa chochote anigombeze. Mara tatu nilimfuata jikoni ili nimwombe msamaha, na mara tatu niliishia kumwuliza kama anahitaji maji.

Wiki ya tatu alifunga furushi lake.

"Nani amekukosea?" mama akamwuliza, akilia. "Useme tu, mama. Ni mimi?"

"Hakuna mutu amenikosea. Hapa kila mutu iko na kwenye anakulia. Mimi nilisema tangu siku ya kwanza."

"Mutoto anakula! Umemuona, anakula kila siku!"

"Anakula," koko akakubali. "Anakula muzuri."

Nilikuwa nimesimama pale nimeshika furushi lake. Mama alinitazama nimsaidie kumbembeleza, na mimi pekee nilikuwa na neno ambalo lingemzuia. Lakini kulisema kulikuwa kumwambia mama nilichofanya. Woga wangu ulikuwa mdogo tu, wa mtoto anayeogopa kugombezwa na mama yake. Nilimwacha koko aende kwenye vita kwa ajili ya woga wa namna hiyo.

Tulimsindikiza mpaka kwenye basi dogo la Sake, kwenye njia ya Masisi. Alimkumbatia mama muda mrefu. Mimi aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, akanibariki, akaniita kwa jina langu la ubatizo, lile la shuleni na la karatasi. Nilingoja lile jingine. Dereva akapiga honi, koko akapanda.

Miezi miwili baadaye barabara ilifungwa. Tulizoea kusikia kwamba imefungwa, imefunguliwa, imefungwa, lakini safari hiyo ilifungwa na ikabaki hivyo. Kijijini kwa koko simu hazishiki mpaka mtu apande kilima, na wanaopanda kilima walikuwa wachache. Mama alipiga kila Jumapili baada ya misa, akasikiliza ile sauti ya mwanamke inayosema mtu huyo hapatikani, akapiga tena. Kisha jirani mmoja wa kule alipanda kilima. Alisema ilikuwa homa. Dawa hazikuweza kupita. Alisema walimzika juu ya shamba lake, vizuri, na kwamba siku za mwisho alikuwa akipikia watoto wa wakimbizi waliolala shuleni, sufuria kubwa, kila siku.

Tulikaa matanga bila maiti. Watu walikuja, turubai likafungwa uani, wanawake wakaleta sufuria na makaa, papa akapata nafasi ya kutoka Bunagana. Siku ya pili nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kati ya wamama wa ukoo, nimeweka simu mapajani, ikawaka. Jina langu dogo lilikuwa hapo juu ya kioo, herufi kubwa, na maneno yake nyuma: tumekukumbuka, meza yako iko tayari. Mama mkubwa, binamu wa mama, aliyekaa karibu nami, aliliona jina.

"Nani huyo anakuita na jina ya koko yako?" akaniuliza.

"Simujue," nikasema, na safari hiyo nilisema kweli. Nikazima simu. Nililia mpaka wamama wakanishika mabega, wakidhani ninamlilia koko tu.

Mama nilimwambia matanga yalipokwisha, tukiosha sufuria za kuazima ili tuzirudishe kwa wenyewe. Nilimwambia yote, saa nane na saa kumi, miguu wazi, mlinzi, neno langu. Hakuinua kichwa. Mikono yake ilikaa ndani ya maji yenye povu bila kusugua, muda mrefu sana, mpaka maji yakatulia. Nilingoja anipige au anifukuze. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Walau ile fromaji, baliikula?"

"Eeh, mama. Baliikula."

Akatikisa kichwa, akaanza tena kusugua, na nikaona kwamba jibu hilo limempunguzia kidogo. Ndiyo maana sijamwambia mpaka leo.

Fromaji ilikuwa kwenye ngazi ya mlango wa mgahawa. Kwao koko, kilichobebwa kwenda kwa mwenyeji hakirudishwi nyumbani, kwa hiyo aliiacha pale, kwenye kitambaa chake cheupe, na lile fundo lake la mizunguko miwili ningelitambua popote. Tulipotoka ilikuwa bado katikati ya njia. Wenzangu waliiruka, mmoja baada ya mwingine, wakicheka na kusukumana. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikainua mguu, nikairuka.